Sheria ya Nyumba Nafuu: Sehemu Yetu Sisi wa Mashambani

(Maneno haya yalisemwa kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia walipokutana katika ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Wengine wenu mmeamka alfajiri mkapanda matatu mbili ili mfike hapa, na wengine mmeacha chai haijachumwa. Asanteni sana. Hatutawaweka na salamu ndefu.

Kwa muda sasa ofisi yetu ya maendeleo imekuwa ikipokea swali lile lile kutoka kwa vikundi. Linaulizwa kwa barua, linaulizwa kwa simu, tena linaulizwa baada ya ibada watu wakiwa wamesimama nje: "Watoto wetu mjini wanakatwa pesa ya nyumba kila mwezi. Sisi hapa tuna nyumba zetu, ziwe za mabati au za udongo. Sasa hii sheria ya nyumba nafuu inatuhusu nini?"

Jibu letu ni kwamba inatuhusu pande mbili. Upande wa kwanza inatuhusu kama walipaji, na hili wengi wenu hamjaelezwa wazi. Upande wa pili inatuhusu kama watu wanaoweza kupata mkopo wa kujenga hapa hapa kijijini, na hili wengi hamjalisikia hata kidogo. Lakini mlango huo wa pili una kufuli, na kufuli yenyewe ni karatasi ya shamba. Ndiyo maana leo mtatusikia tukizungumza juu ya nyumba kidogo na juu ya shamba sana.

Ilikotoka sheria hii

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya kupata makao yanayofaa. Ni neno zuri, lakini haki iliyoandikwa haijengi ukuta. Lazima pesa zitoke mahali. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha makato ya asilimia 1.5 ya mshahara, kesi zikaenda mahakamani, makato yakasimamishwa. Mwaka 2023 jambo likarudi. Mwanzoni pendekezo lilikuwa asilimia 3, na mfanyakazi ambaye hakupata nyumba angerudishiwa pesa zake baada ya miaka saba. Watu wakalalamika, pendekezo likabadilishwa. Ikawa asilimia 1.5, lakini lile la kurudishiwa pesa nalo likaondolewa. Liangalieni vizuri badiliko hilo, kwa sababu hadi leo kuna watu wanaodhani wanaweka akiba. Kilichokuwa akiba kiligeuka kuwa ushuru.

Tarehe 28 Novemba 2023 Mahakama Kuu ikasema makato hayo ni kinyume cha Katiba. Sababu moja ilikuwa kwamba hayakuwa na msingi kamili wa kisheria. Sababu nyingine ndiyo inayotugusa sisi. Majaji walisema si haki kuwakata wenye mishahara peke yao na kuwaacha watu wengine wenye mapato. Serikali ikaleta mswada mpya Bungeni mwezi wa Desemba 2023, wananchi wakaitwa kutoa maoni mwanzoni mwa 2024, na tarehe 19 Machi 2024 Rais akautia sahihi. Basi ule ubaguzi uliondolewa namna gani? Si kwa kuwaachilia wenye mishahara, la. Uliondolewa kwa kutuingiza sisi sote. Waliokwenda mahakamani walishinda, na ushindi wao ukaongeza walipaji. Kesi nyingine zilifunguliwa kupinga sheria mpya, na tarehe 22 Oktoba 2024 Mahakama Kuu ikazitupilia mbali.

Tunawasimulia haya si kwa kulaumu upande wowote. Tunataka mwone kwamba sheria hubadilika ikiwa bado ni mswada, na aliyekuwa kimya wakati huo huandikiwa na wengine.

Nani analipa

Chukueni kijana wenu anayefanya kazi kiwandani kwa mshahara wa shilingi 24,000. Kila mwezi anakatwa 360, na mwajiri wake anaongeza 360 nyingine. Jumla ni 720 kwa mwezi, au 8,640 kwa mwaka. Tangu 27 Desemba 2024 makato haya huondolewa kwanza kwenye mshahara kabla ya kuhesabu kodi ya mapato, kwa hivyo kuna nafuu kidogo. Lakini pesa yenyewe hairudi.

Sasa kwa sisi tusio na mwajiri. Sheria inasema mtu mwenye mapato yasiyo ya mshahara analipa asilimia 1.5 ya mapato yake yote, naye analipa mwenyewe, kufikia siku ya tisa ya kazi ya mwezi unaofuata. Anayechelewa huongezewa asilimia 3 ya deni kwa kila mwezi. Neno gumu hapo ni "mapato yote". Mama akiuza maziwa ya shilingi 10,000 kwa mwezi, na chakula cha ng'ombe na dawa zikala 6,000, kilichobaki mkononi ni 4,000. Lakini asilimia 1.5 inahesabiwa kwa ile 10,000. Ni shilingi 150. Si nyingi, mtasema. Lakini mwenye faida ndogo anabeba mzigo mkubwa kuliko mwenye faida kubwa, hata kama wote wawili wameuza sawa. Kwa maoni yetu hapo sheria ingetengenezwa vizuri zaidi, na hili ni moja ya mambo ya kuyasema kwa sauti kwenye baraza.

Jambo moja zaidi kabla hatujaondoka hapo. Kulipa ushuru huu hakukupi nyumba, wala hakukuweki mbele kwenye foleni. Anayetaka nyumba anajiandikisha mwenyewe kwenye mtandao wa serikali unaoitwa Boma Yangu. Kujiandikisha hakulipiwi. Humo humo anaweza pia kuweka akiba yake ya hiari kwa ajili ya malipo ya kwanza, na hiyo ni pesa yake, ni kitu tofauti kabisa na makato. Mtu akipita kijijini na daftari akisema ati anaandikisha watu wa nyumba nafuu kwa shilingi mia tano, mwitieni chifu.

Nyumba za mjini

Sheria imewagawa watu kwa mapato. Anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi ana nyumba zake, zinazoitwa za kijamii. Anayepata kati ya 20,000 na 149,000 ana zake. Anayezidi hapo naye amewekewa za daraja lake. Mtu mmoja hupewa nyumba moja. Akishapewa hawezi kuiuza bila idhini ya Bodi ya Nyumba Nafuu kwa maandishi. Hilo limewekwa ili wenye pesa wasizinunue kutoka kwa maskini kesho yake asubuhi, na tunaliunga mkono.

Mfano wa karibu ni Mukuru, Nairobi. Wengi wenu mna watoto au ndugu wanaokaa kwenye vile vyumba vya mabati vya Mukuru. Mwezi wa Mei 2025 funguo za nyumba 1,080 za kwanza zilitolewa pale, na malipo ya chumba kimoja yakatangazwa kuwa shilingi 3,900 kwa mwezi kwa miaka mingi hadi nyumba iwe yako. Waliopata walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Choo ndani, maji ndani, na mvua haiingii kitandani.

Lakini kuna yale malipo ya kwanza. Sheria ilivyopitishwa mwaka 2024 iliyaweka kuwa asilimia 10 ya bei. Kwa kiwango hicho, nyumba ya shilingi milioni moja inadai laki moja mkononi kabla hujapewa ufunguo. Kijana anaitoa wapi? Anapiga simu nyumbani. Tayari tunajua wazazi walioulizwa na watoto wao kama kikundi kinaweza kuwasaidia, na tunajua wengine wenu mmeanza kufikiria kuuza ng'ombe au kukata kipande cha shamba.

Wazee wetu na akina mama, hapo twende polepole. Kikundi cha watu ishirini wanaotoa shilingi 250 kwa wiki kinapata 5,000 kwa wiki, na laki moja inafika baada ya wiki ishirini. Inawezekana. Lakini nyumba itaandikwa jina la mtu mmoja, naye ni mtoto wa mwanachama mmoja. Kikundi hakitakuwa na sehemu ndani ya nyumba hiyo. Kwa hivyo ikiwa kikundi kitaamua kusaidia, uwe ni mkopo, uandikwe kwenye kitabu cha mikutano, uwe na siku ya kuanza kulipwa, na mzazi na mtoto wote wawili watie sahihi. Msiutoe kwa sababu ya kumwonea haya mwenyekiti.

Ndiyo mzee, tumekuona, tunakuja kwa mambo ya shamba sasa hivi.

Nyumba za mashambani

Ndani ya sheria kuna maneno ambayo magazeti hayakuyapigia kelele. Sheria inatambua nyumba nafuu ya mashambani, yaani nyumba ya mtu anayekaa mahali ambapo si mjini. Pesa za Mfuko wa Nyumba Nafuu zinaweza pia kwenda huko, na mtu anayestahili anaweza kukopeshwa kwa riba nafuu ajenge kwenye shamba lake. Tena sheria imeanzisha kamati ya nyumba nafuu katika kila kaunti, na jina la kamati hiyo limetaja mashambani na mijini, vyote viwili. Kwa hivyo mkiambiwa kwamba sheria hii ni ya magorofa ya Nairobi tu, si kweli.

Mkopo wa namna hii si kitu kipya. Shirika la Taifa la Nyumba, lililoundwa mwaka 1967, limekuwa na mpango wa kukopesha watu wa mashambani wajenge au watengeneze nyumba zao. Mbona basi hapa kwetu hamwoni nyumba nyingi zilizojengwa kwa mkopo huo? Na mbona mabenki nayo hayatufikii? Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6. Kufikia 2023 mikopo ya nyumba katika mabenki yote ya Kenya ilikuwa yapata 30,000 tu. Ukiiweka yote pamoja, haifiki hata nyumba za tarafa kubwa. Sababu ni ile ile: mwenye kukopesha anataka payslipu na hati ya shamba. Mkulima hana payslipu. Na hati, hebu tuiangalie.

Chukueni boma la kawaida hapa kwetu. Kuna nyumba sita. Kuna mama mzee katikati, kuna wana wanne na wake zao pembeni, na kuna binti aliyerudi na watoto wake. Shamba ni ekari tano. Kila mmoja anajua mpaka wake, kuna ua wa miti, kuna mfereji, hakuna ugomvi. Lakini hati ni moja, iko ndani ya sanduku la mama mzee, na jina lililoandikwa pale ni la babu aliyezikwa miaka thelathini iliyopita. Kwa macho ya kijiji, shamba hilo lina wenyewe sita. Kwa macho ya ofisi ya ardhi, lina mwenyewe mmoja, naye ni marehemu. Na marehemu hakopi.

Mnacheka, lakini mikono juu: ni wangapi hapa wanakaa kwenye shamba lenye jina la marehemu? Basi. Hesabuni wenyewe.

Hii ndiyo kufuli tuliyoisema. Serikali inaweza kuweka mabilioni kwenye mfuko wa nyumba za mashambani, na riba ikawa ndogo sana, na bado pesa hizo zikapita juu ya vichwa vyetu zikaenda kwa mwalimu aliyestaafu na mfanyabiashara wa sokoni ambao shamba lao limeshagawanywa na kila mtu ana karatasi yake. Hatuwaonei wivu. Tunasema tu kwamba walioko chini ya paa linalovuja zaidi ndio watakaokosa karatasi.

Kufungua kesi ya urithi

Njia ya kufungua kufuli ni kesi ya urithi, ile vijana wanaiita "sakseshen". Watu wanaiogopa kuliko inavyostahili. Mnahitaji cheti cha kifo. Mnahitaji barua ya chifu inayotaja warithi wote wa marehemu. Mnahitaji pia uthibitisho wa umiliki kutoka ofisi ya ardhi. Mnapeleka maombi mahakamani, na kwa mashamba madogo kama yetu mahakama ya hakimu iliyo karibu huwa inatosha. Maombi yanatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali kwa siku 30, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Hakuna pingamizi, mahakama inatoa cheti cha usimamizi. Baada ya miezi sita mnarudi, mnakubaliana mbele ya hakimu nani anapata nini, cheti kinathibitishwa. Kisha ndiyo mpima ardhi na ofisi ya ardhi. Mtu anaweza kujaza fomu bila wakili ikiwa familia imekubaliana. Familia ikigombana, gharama hupanda na miaka hupita.

Na kitu kinacholeta ugomvi tunakijua, kwa hivyo tukiseme hapa mbele ya wazee. Ni mabinti. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1 Julai 1981, haitofautishi mtoto wa kiume na wa kike, awe ameolewa au hajaolewa. Barua ya chifu ikiwaacha mabinti nje, mmoja wao akija mahakamani baada ya miaka mitano, cheti chote kinaweza kufutwa, na hata ile nyumba iliyojengwa kwa mkopo ikaingia mashakani. Binti akitaka kumwachia ndugu yake sehemu yake, ni hiari yake, aseme mwenyewe na atie sahihi. Lakini jina lake liandikwe. Tumeona familia zilizofanya hivyo zikamaliza mambo kwa mwaka mmoja na nusu, na tumeona zilizoficha jina moja zikakaa mahakamani hadi waliofungua kesi wakafa nao.

Ukishapata karatasi, usiikimbize benki

Sasa tuseme hati imetoka kwa jina lako. Mkopo unaoshikilia shamba ni kitu cha kuogopwa kwa heshima. Shamba la kilimo haliwekwi rehani bila idhini ya Bodi ya Kusimamia Ardhi, mnayoiita landi bodi. Na kama ni boma mnaloishi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka mke au mume naye atie sahihi, la sivyo rehani haina nguvu. Akina mama, usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha unayoielewa. Ukiambiwa ni "ya kawaida tu", rudi nyumbani kwanza.

Usipolipa, mkopeshaji lazima akupe notisi ya miezi mitatu, na halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Huo ndio muda wa kwenda kuzungumza naye. Wengi hukaa kimya, wanaficha barua chini ya godoro, mpaka dalali anapobisha mlango. Ushauri wetu ni huu: usiweke rehani shamba lote. Gawa, toa robo ekari au nusu yenye hati yake, nyumba ijengwe hapo, rehani iwe hapo tu. Mambo yakiharibika, umepoteza kipande. Chai na makaburi vimebaki.

Mabati ya mama zetu

Kuna vijana hapa wanaodhani kwamba nyumba bora ilianza na sheria za siku hizi. Waulizeni nyanya zenu. Miaka ya sitini na sabini, hasa kule Mkoa wa Kati, akina mama waliunda vikundi vilivyoitwa vya mabati. Walikuwa wakilima mashamba ya watu kwa malipo, wanaweka pesa pamoja, na kila zikitosha wananunua mabati ya mwanachama mmoja. Nyasi inashuka, bati linapanda. Halafu wa pili, halafu wa tatu, mpaka wa mwisho. Bati lilileta na maji, maana paa la nyasi huwezi kukinga nalo maji ya mvua. Zile safari za mtoni zikapungua.

Angalieni kilichowafanya wafaulu. Hakuna aliyedaiwa hati. Kilichokuwa rehani ni jina la mtu mbele ya wenzake. Aliyepata mabati wiki hii asingeweza kukosa kwenda kulima wiki ijayo, kwa sababu wenzake wanakaa ng'ambo ya ua na wanaona kama moshi unatoka jikoni kwake.

Serikali yenyewe inaijua njia hii. Mfuko wa Wanawake, ulioanzishwa mwaka 2007, hukopesha vikundi bila kudai shamba. Wanachama wanadhaminiana wao kwa wao. Mfuko wa Uwezo ukafuata njia hiyo hiyo. Basi swali letu kwa wenye kusimamia nyumba nafuu ni hili: kama kikundi kinaaminiwa kwa mkopo wa kuku na wa duka, mbona kisiaminiwe kwa mkopo wa ukuta na paa? Nyumba ya kijijini haihitaji mamilioni. Mwenye kiwanja chake, mawe yake na mikono ya wenzake, anachokosa ni simiti, mabati, milango na mshahara wa fundi.

Tena yapo matofali ya udongo yaliyochanganywa na simiti kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Hayachomwi, kwa hivyo hayamalizi miti. Udongo wake si ule mweusi wa juu wa shambani, ni ule wa chini mwekundu. Yakishatoka kwenye mashine lazima yafunikwe na kumwagiwa maji kwa wiki nzima au zaidi, na hapo ndipo watu wenye haraka huyaharibu. Idara ya Nyumba ya serikali iliweka vituo vya kufundishia kazi hii katika sehemu nyingi za nchi, na mashine huwa ziko huko. Vikundi viwili vikiandika barua ya kuomba mafunzo, tutaisindikiza sisi.

Ombi tunalotaka lipelekwe

Sheria imekwisha kupita, kwa hivyo mtu anaweza kusema tumechelewa. Hatujachelewa. Sheria ni mifupa, nyama yake ni kanuni na mipango ya kaunti. Sheria ya mwaka 2013 kuhusu kanuni inamtaka waziri awasikilize watu watakaoguswa kabla ya kuzitunga, na kanuni zenyewe hupelekwa Bungeni. Zikishatungwa zinaweza kubadilishwa. Na bunge la kaunti, chini ya kifungu cha 196 cha Katiba, lazima litushirikishe katika kazi zake. Mipango ya nyumba ya kaunti ikijadiliwa na sisi hatupo, watajadili ploti za mjini.

Tunapendekeza vikundi vyote vilivyo hapa viandike waraka mmoja, kurasa mbili tu, kwa kamati ya nyumba nafuu ya kaunti na kwa mbunge wetu, nakala kwa mwakilishi wa wadi. Uombe mambo matatu. La kwanza, mkopo wa nyumba ya mashambani upatikane kwa dhamana ya kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kwa mkopo mdogo wa kiasi ambacho wanachama wanaweza kuubeba mmoja akishindwa. La pili, mkulima na mchuuzi wahesabiwe faida, si mauzo. La tatu, sehemu ya pesa zinazokuja kaunti ilipe wapima ardhi na makarani waje kwenye lokesheni, wakae wiki nzima, wamalize kesi za urithi za familia zilizokwisha kubaliana. Hili la tatu halijengi hata chumba kimoja. Lakini sisi tunaliona ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu hata dhamana ya kikundi ikikubaliwa, nyumba iliyojengwa kwenye shamba la marehemu inaweza kuvunjwa na mpwa aliyetoka Mombasa.

Waraka ambao hauna hesabu hausomwi. Tukisema "watu wengi hawana hati", karani atauweka kwenye faili. Tukisema vikundi fulani vina wanachama mia nne na kumi na hati zilizo kwa majina yao ni themanini, hapo tutaitwa tukae chini. Hizo nambari ni za mfano tu, zile za kweli mnazo ninyi.

Kwa hivyo kila katibu atachukua karatasi pale mezani kabla ya chai. Ina safu nne. Hati iko kwa jina la nani: lako, la mwenzi wako, la mzazi aliye hai, au la marehemu. Marehemu alifariki mwaka gani. Familia imekubaliana kugawa au bado. Paa ni la nini. Msiandike majina ya watu, andikeni nambari ya mwanachama tu, ili mtu asiogope kusema ukweli. Zirudi ofisini kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Vikundi vya ng'ambo ya mto, mvua ikizidi, mpeni katekista wenu, atakuja nazo Jumapili.

Sasa mzee, swali lako.